Nafasi ya Namba Nne

Cuthbert, Georgia
11 Oktoba 2015

Mwanangu mpendwa Renita,

Nakusalimu katika jina la Bwana. U hali gani, na kile kikohozi cha kiangazi kimekuacha? Sisi huku tu wazima kwa rehema zake. Baba yako mdogo Harvey ametengenezwa goti la pili. Anatembea kwa fimbo na kulalamika kwa miguu yote miwili. Visubi havijaondoka ingawa Oktoba imeingia. Jumapili nilimeza kimoja katikati ya ubeti, nimesimama pale mlangoni mwa kanisa na glavu zangu nyeupe za uhudumu, nikaendelea kuimba kama hakuna kilichoingia.

Najua utacheka kwamba naandika kwa kalamu na simu ninayo. Simu ni ya kuuliza umefika salama. Neno zito linataka karatasi.

Tumeitazama tamthilia unayoiandika na wenzako. Jina lako lilipopita kwenye kioo Harvey alipiga fimbo sakafuni mpaka mbwa akatoka nje. Namshukuru Mungu juu yako, mwanangu, hilo lijue kwanza. Lakini wale wasichana wa ile nyumba ya udada, kile chama cha wanafunzi wa kike chuoni, kazi yao ni kuvutana nywele, kulewa na kufungiana kwenye chumba cha chini ya nyumba. Na wavulana wa udugu wa jirani, chama cha kiume, Harvey aliuliza, "Hawa darasani wanaingia saa ngapi?" Unajua marehemu kaka yake alikuwa wa udugu, akachomwa herufi za chama mkononi kama ng'ombe wa mtu, na akafa akijivunia lile kovu. Lakini huyo huyo ndiye aliyewafundisha kusoma nusu ya vijana wa mtaa wetu. Hilo kwenye televisheni silioni.

Sasa lile lenyewe. Alhamisi iliyopita yule msichana wenu mkatili alitoka mlangoni amevaa jaketi la rangi ya divai. Nikaweka chini bakuli la karanga. Mgongoni namba 4, na chini yake limeandikwa lile jina la utani, Radi Bila Mvua. Renita, jaketi la udada la marehemu mama yako nalijua kama ninavyoujua mkono wangu. Nilikukabidhi mimi mwenyewe ulipotimiza miaka kumi na minane. Herufi tatu za udada wao umezifumua, ukashona nyingine za kubuni. Lakini kitambaa kimepauka kwa jua pande zote isipokuwa pale herufi zilipokaa. Kivuli cha herufi kimebaki. Mimi nilikiona, na kila mwanamke wa udada ule katika nchi hii amekiona.

Leo baada ya ibada alikuja Bi Wilhelmina Tarver. Ndiye aliyewasimamia mama yako na wenzake walipoingia udadani kule chuo cha Marlow. Ana miaka themanini na ushei, na bado akiingia chumbani mtu unanyoosha mgongo.

"Loretha, nimeona kitu kwenye televisheni."

"Ndiyo, Bi Tarver."

"Yule aliyevaa ni mmoja wetu?"

"Nadhani ni mwigizaji tu, Bi."

Akanywa chai yake, haina sukari. "Alimvuta mwenzake nywele," akasema, "amembeba dada yako Corliss mgongoni."

Hakupandisha sauti. Anaomba jaketi lirudi kabla ya siku ya waasisi wao, mwezi wa Machi. Herufi zao siziandiki humu kwa sababu si zangu kuandika. Mtu asiye wao hazivai wala hazichezei. Wewe hukulijua hilo, au ulilijua?

Nijibu, mwanangu.

Mama yako mdogo,
Loretha


Los Angeles
29 Novemba 2015

Mama mdogo, shikamoo. Na baba mdogo, shikamoo, pole kwa goti.

Mimi mzima. Kikohozi kimekwisha. Siku ya Shukrani nilikula bata mzinga wa mkahawani, mkavu kama hotuba. Niliwaza mchuzi wako mpaka nikakaribia kulia mbele ya watu.

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako niliisoma nikaifunga, nikaifungua tena.

Nililijua. Ndiyo maana nilizifumua herufi badala ya kuliacha lilivyo. Kampuni hairuhusu kutumia udada wa kweli, wanawake wale wana wanasheria wakali, basi huwa tunabuni herufi. Lakini nguo za kubuni zilikuwa mpya mno, zinanuka duka. Nikasema, mimi ninalo jaketi moja lililoishi. Nilitaka mama awemo kwenye kazi yangu. Ni hilo tu. Kivuli sikukiona, taa za studio zinaona kuliko mimi. Herufi zenyewe sikuzitupa, ziko ndani ya kopo la biskuti.

Kulirudisha sasa siwezi. Yule msichana analivaa mpaka sehemu ya mwisho, tutakayoipiga picha Aprili. Na hapo ndipo ninapokuhitaji, mama mdogo.

Sehemu ya mwisho ina msiba. Mmoja wa akina dada amekufa na wenzake wanamuaga kwa ibada yao ya siri. Mkuu wa waandishi, Bwana Kessler, ameandika fuvu la kichwa, mishumaa myeusi na kiapo cha damu. Nilipomwambia si hivyo alinijibu, "Basi niambie ni vipi." Siku ile mlipomuaga mama nilikuwa na miaka minane, nimekalishwa kibarazani na soksi zangu nyeupe. Wote waliingia, mlango ukafungwa. Wewe pekee ndiye usiyekuwa wao na ulikuwa ndani.

Niambie walisema nini. Walifanya nini. Nitaandika ukweli, na ule uchafu utatupwa. Usiponiambia, fuvu ndilo litakalopigwa picha, na watu watasema ndivyo wanavyozikana. Ndivyo alivyozikwa mama yangu.

Nakungoja.

Renita


Cuthbert
17 Januari 2016

Mwanangu Renita,

Heri ya mwaka mpya, na amani ya Kristo iwe kwako. Unalala vya kutosha? Krismasi ilipita vizuri. Nilioka keki ya karameli, Harvey akaikata kabla wageni hawajafika, akasema alikuwa anaijaribu kama imeiva. Mchungaji alihubiri kwa kirefu mpaka mtoto wa mtu akauliza kwa sauti, "Huyu naye kwao haendi?" Nilimtoa nje mimi, kwa kuwa ndiyo kazi ya mhudumu wa mlangoni, na huko nje tukacheka wote wawili.

Swali lako nimelisoma. Nimeliombea tangu Desemba, na ndiyo maana nimechelewa.

Nitakwambia yaliyoonekana na kila aliyekuwa na macho. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha, na ua wa nyumba ya maiti ulikuwa udongo mwekundu mtupu. Wakaja wenzake wa udada. Kutoka Macon, kutoka Albany, kutoka Montgomery. Mmoja alipanda basi tangu Detroit, gauni lake jeupe amelilaza mapajani ndani ya karatasi ya dobi, njia nzima hakusinzia lisije likakunjika. Walivuka ule udongo na viatu vya kazi, wakabadilisha mlangoni, kila mmoja akimshika mwenziwe mkono asiyumbe. Walipokwisha kuvaa sikuona tone moja la matope. Na walikuwa kimya. Jewel Battle wa mwaka wa mama yako, ambaye hunyamaza akiwa kwa daktari wa meno tu, alikuwa kimya.

Mimi nilikuwa bado namtengeneza dada yangu nywele. Zilikuwa zimebaki chache kwa ule ugonjwa, sikutaka mkono wa mgeni uziguse. Mmoja akasema nitoke. Bi Tarver akasema, "Mwacheni amalize. Mkono wa nduguye haufukuzwi." Nilipomaliza mlango ulikuwa umeshafungwa. Bi Tarver akanitazama. "Loretha, ukibaki, kitakachotendeka kitabaki nawe. Unaahidi?" Nikaahidi, chanuo mkononi.

Hapo ndipo ninapoishia. Ninachoweza kuongeza ni kimoja, na hiki ni changu mwenyewe. Yalipokwisha nilijikuta nimesimama miguu mitupu, viatu viko ukutani, na mpaka leo sikumbuki nilivivua saa ngapi. Nimeokoka tangu nina miaka kumi na miwili. Nimeona watu wakishukiwa na Roho, nimewapepea. Viatu sikuwahi kuvivua bila kujua isipokuwa siku ile.

Siwezi, mwanangu. Niliahidi mbele ya mwili wake.

Nijibu hata kama umekasirika.

Loretha


Los Angeles
4 Februari 2016

Shikamoo, mama mdogo. Mzima.

Nimekuelewa. Basi watalipiga picha fuvu.

Nisaidie jambo moja. Mimi ni mtoto wa dada yako, uliyenilea. Wale ni wageni waliokuja siku moja na nguo nyeupe wakaenda zao. Ahadi kwao imekuwaje nzito kuliko mimi?

Jaketi liko kwenye stoo ya mavazi.

Renita


Cuthbert
21 Februari 2016

Mwanangu,

Salamu. Harvey anakusalimu pia; ameanza kupanda ngazi na anataka kila mtu ashuhudie. Barua yako fupi nimeiweka ndani ya Biblia, ikae na wazee wenye busara ipoe.

Umesema wageni. Haya.

Ulipougua tetekuwanga nilikuwa nimeanza kazi jikoni mwa shule, sikuwa na ruhusa ya kukosa hata siku. Ulikaa na nani? Ulikuwa unamwita "shangazi wa supu." Alikuwa Jewel Battle, aliendesha gari tangu Albany kila alfajiri mpaka vipele vikakauka. Lile koti jipya lililokuwa linakuja kila Novemba, saizi yako barabara, ulidhani ninazijua saizi kiasi hicho? Siku ya kuhitimu kwako, ile safu ya wanawake waliokupigia vigelegele ukaniuliza, "Wale ni wa nani?" nami nikasema wa mtu mwingine. Walinikataza kusema. Walisema mtoto asije akahisi anadaiwa. Hili nimelivunja kwa sababu halikuwa la chumbani, na Bi Tarver akinisuta nitasutwa.

Si malaika, usinielewe vibaya. Bi Tarver amewahi kumliza bibi harusi kwa ajili ya vitambaa vya meza. Lakini ulivyowaandika ninyi na nilivyowaona mimi ni kama watu wa nchi mbili.

Tarehe kumi na mbili Machi watakusanyika Marlow, kwenye nyasi za karibu na kengele. Sehemu ya mchana ni ya watu wote. Yale wasiyoyaficha hujawahi kuja kuyaona, hata mara moja. Njoo. Waombe hao wa mavazi wakuazime jaketi kwa siku mbili, maana ni lako. Kopo la biskuti pia lilete.

Nijibu upesi nikupokee uwanja wa ndege.

Loretha


Los Angeles
3 Aprili 2016

Mama mdogo na baba mdogo, shikamooni. Mko salama? Nilifika vizuri, ile keki ilifika nusu. Jirani yangu wa kwenye ndege alikuwa na pua kali.

Wewe ulisimama kando yangu siku ile kule Marlow, uliyaona yote. Niruhusu nikusimulie hata hivyo, maana tangu nirudi sina mwingine wa kumwambia akaelewa.

Vijana wao walitangulia kucheza. Walizikanyaga zile nyasi na kupiga makofi mpaka nilihisi ardhi ikinipanda magotini. Nikajiambia, haya ninayajua, haya tunayaweka kwenye tamthilia. Halafu Bi Tarver akauita mwaka wa mama. Wakatoka wale mabibi, magoti yamefungwa bendeji, mmoja na fimbo, wakajipanga kama walivyopangwa usichanani, mfupi mbele na mrefu nyuma, kila mmoja mkono wake begani mwa aliye mbele. Namba moja, mbili, tatu. Kisha hewa. Kisha Bi Jewel, namba tano.

Mkono wa Bi Jewel haukuwa na bega la kushika. Aliunyoosha ukakaa hewani, si juu wala si chini, ukakaa palepale wimbo mzima. Hakuushusha.

Nikakuuliza, "Wamefanya hivi kwa sababu yangu?"

Ukaniambia, "Kila mwaka, mwanangu. Uwepo usiwepo."

Mama mdogo, mimi sikuwahi kujua urefu wa mama yangu. Nilikuwa mdogo, kwangu alikuwa mrefu kama mlango, na picha hazisemi. Nimekuwa nikijiuliza tangu nilipoacha kukua mwenyewe. Na pale, mbele ya kengele, nikaliona bega lake lilipokuwa. Lingenifika hapa kwenye sikio.

Nilipiga hatua. Usingenishika kiwiko ningeingia kwenye ile nafasi. Ulinishika kama unavyowashika wanaotaka kupita wakati wa sala, ukasema taratibu, "Si yako. Subiri." Nilikasirika kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikaelewa kwamba kama ningeweza kuijaza, wasingekuwa wameitunza.

Baadaye nikampelekea Bi Tarver jaketi. Aliligeuza, akapitisha kidole penye kile kivuli.

"Herufi ulizitupa?"

"Hapana, Bi. Ziko hapa."

"Basi umelelewa," akasema, akakutazama wewe.

Aliketi kwenye benchi akatia uzi sindanoni bila miwani. Hakupima. Kila herufi ililala juu ya kivuli chake, kama mtu anayejua kitanda chake gizani. Bi Jewel akaketi karibu yangu, akauweka ule mkono uliochoka mapajani kwangu kama mzigo.

"Unajua kwa nini tulimwita Radi Bila Mvua?"

"Nilidhani kwa sababu alikuwa halii."

"Nani, Corliss? Alikuwa analia mpaka kwenye matangazo ya sabuni. Yule kila jioni alikuwa anafunga sanduku. 'Sikilizeni, mimi naenda kwetu, mnanichosha, udada wenu kaeni nao.' Ananguruma weee. Asubuhi tukifika, yeye ndiye wa kwanza mlangoni, anatuuliza tumechelewa wapi."

Nilicheka mpaka nikakosa hewa. Miaka yote mama alikuwa kwangu mtu wa kitandani, mgonjwa. Sasa ni mtu wa sanduku.

Jaketi nimeliacha kwa Bi Tarver, kama ulivyoona. Niliporudi niliwaambia wa mavazi watafute jingine. Na ile sehemu ya mwisho nimeiandika upya. Wanawake wanakuja kwenye matope, wanabadilisha viatu, wanaingia. Mlango unafungwa. Kamera haiingii. Inabaki kibarazani na mtoto wa soksi nyeupe, na tunasikia kile tu anachokisikia yeye, mpaka mlango ufunguliwe.

Kessler alisoma, akavua miwani. "Watazamaji watataka kuona ndani."

Nikamwambia, "Hata mimi nilitaka."

Ameichukua. Hakusema ndiyo wala hapana. Akiliweka fuvu nitaliondoa jina langu, na pengine kazi itaondoka nalo. Niombeeni.

Nisamehe ile barua ya Februari. Usiitoe kwenye Biblia, iache ipoe kabisa.

Mwanao,
Renita


Cuthbert
5 Juni 2016

Mwanangu mpendwa Renita,

Bwana asifiwe, u mzima? Sisi wazima. Joto limeanza kutupika. Harvey ameitupa fimbo, kisha akaitafuta tena kimyakimya akidhani simwoni. Pichi za kwanza zimeiva, nimekuwekea mitungi minne ya achari yake ile uipendayo.

Tuliitazama sehemu ya mwisho Alhamisi, sebuleni kwa Bi Tarver, kwenye makochi yale yenye nailoni, tumekaa kama tuko kanisani na kila ukisogea inalia chini yako. Walikuwepo wote wa mwaka wa mama yako. Bi Tarver alikuwa amekwisha sema, "Nikiona fuvu nazima." Jaketi alilitundika kwenye mgongo wa kiti, nacho kiti hakikukaliwa.

Matope yakaja. Viatu vikaja. Jewel akanong'ona, "Viatu ndivyo." Mlango ukafungwa, na tukabaki na yule mtoto kibarazani. Inzi akatua kwenye soksi yake, hakumfukuza. Kisha kutoka ndani kukagongwa, mara tatu, taratibu. Halafu sauti nyingi zikavuma kwa midomo iliyofungwa, bila neno.

Wote waligeuka wakanitazama mimi.

Sisemi kama ndivyo ilivyokuwa au sivyo, na wewe usiniulize. Nasema tu kwamba mioyo yao ilisimama na wangu ukasimama nao.

"Loretha," akasema Bi Tarver.

"Si mimi, Bi Tarver. Mungu ananiona."

"Basi nani?"

"Yeye mwenyewe. Alikuwa kibarazani."

Kwenye televisheni mlango ulifunguliwa, wakatoka mmoja mmoja wakimpita mtoto, na mapindo ya nguo nyeupe yakimgusa usoni. Jewel ndiye aliyevunjika kwanza. "Tulimpita," akasema. "Jamani, tulimpita tukidhani nje hakuna mtu." Nami mwanangu nilikuwa na viatu miguuni, nilikwisha vitazama mara mbili, lakini ngozi ilinisisimka vilevile. Miaka yote hii nilidhani ni mimi niliyelibeba jambo lile peke yangu kati ya wasio wa udada. Kumbe tulikuwa wawili, mmoja kila upande wa mlango, na wewe ulilitunza bila hata kuombwa uahidi.

Jina lako lilipopita, Bi Tarver alisimama. Kwa magoti yale. Wote wakasimama.

Kisha akaketi, akawa Bi Tarver tena. Akasema yule mwigizaji mrefu anatembea kama anaua mende. Akasema sherehe ya Machi ijayo uje, na kwa ile sehemu yao ya siri kiti chako kiwekwe karibu na mlango. "Upande wa nje," akasema, "kanuni ni kanuni. Lakini karibu kabisa. Na Loretha akae naye, asikae mtoto peke yake tena."

Nijibu upesi, mwanangu, uniambie kama utakuja, nimpelekee Bi Tarver jibu.

Mama yako mdogo akupendaye,
Loretha